Geuza uone kitako: vioo vya zamani kwenye makabati ya Mwanza

Pale Makoroboi kuna wakala wa kutuma na kutoa hela ambaye nimemsumbua kuliko mteja wake yeyote, na siku nyingine hata sina hela ya kutoa. Ninachofuata kwake ni ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau anayokagulia noti bandia. Mara ya kwanza nilimwendea na kibakuli cha kijani nimekifunga kwenye gazeti, nimetoka kukinunua kwa mama mmoja wa vyombo vya mtumba kule Mlango Mmoja kwa shilingi elfu tatu, nikamwambia kaka samahani naomba unimulikie hiki, akaniangalia mimi, akaangalia bakuli, akauliza, dada, na hiyo ni hela? Akamulika. Kibanda chake kina kagiza kidogo mlango ukirudishwa, na kile kibakuli kikawaka. Sio kung'aa kama kioo kinavyong'aa juani, hapana, kiliwaka chenyewe kutokea ndani, kijani kikali kama kimulimuli, mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akarudi hatua mbili akasema mama yangu weee.

Ile ni urani. Ndiyo, urani ile ile tunayosikia habari zake kule Mkuju, Namtumbo. Iligunduliwa mwaka 1789 na mkemia Mjerumani, Martin Heinrich Klaproth, na kabla hata watu hawajajua kwamba inatoa mionzi, mafundi wa vioo wa Bohemia, ambako leo ndo Jamhuri ya Cheki, walikuwa wameshaona kwamba ukitia kidogo kwenye mchanga unaoyeyuka unapata manjano na kijani ambacho hukipati kwa dawa nyingine yoyote. Kule walikuwa na migodi ya fedha ya Jáchymov, na jiwe jeusi lenye urani lilikuwa linatoka humo humo pamoja na fedha, kwa hiyo malighafi ilikuwa mlangoni. Kuanzia miaka ya 1830 mafundi wa familia ya Riedel wakazifanya zile rangi kuwa biashara kubwa, na viwanda vya Uingereza na Marekani vikafuata. Kawaida urani yenyewe ni kama asilimia 2 hivi ya uzito wa kioo, mara nyingi chini ya hapo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja serikali zikaibana urani kwa mambo yao mengine, ndo maana vyombo vingi vya aina hii utakavyokutana navyo ni vya kabla ya vita.

Kila ninayemwonesha ananiuliza kama sitapata kansa. Kukiweka kabatini na kukishika hakuna shida, mionzi yake ni midogo sana. Mi sili chakula humo, na kikivunjika sikisagi wala kukikata, basi. Ila tochi nayo isikudanganye, kwa sababu kioo chenye manganizi nacho hutoa kijani, chenyewe ni hafifu kimefubaa, na chenye kadimiamu hutoa manjano au rangi ya chungwa, alafu mpaka leo wapo wanaotengeneza vioo vya urani vipya kabisa. Kwahiyo mwanga unakwambia kuna nini ndani ya kioo. Umri wake unautafuta kwa njia nyingine, na njia hiyo inaanzia chini.

Ngoja nieleze nilivyoingia kwenye haya mambo. Mama yangu alifanya kazi za ndani Capri Point miaka ile ya Hesawa, watu wa Kanda ya Ziwa mnaikumbuka, ule mradi wa maji na usafi wa mazingira ulioanza 1985 kwa hela za Sweden, visima vyake vya pampu ya mkono vilikuwa vijijini kwetu Mwanza, Kagera na Mara. Familia aliyokuwa anaifanyia kazi ilipoondoka ilimwachia godoro, sufuria mbili, mapazia, na kitu kimoja cha kioo cheupe kizito, mviringo, chenye vinundu vinundu juu kama mtu amebandika mabonge ya barafu yakagandana, katikati kina shimo. Kwa miaka zaidi ya 20 kitu kile kilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwetu Nyakato na baba alikuwa anaweka vijiti vya meno. Wageni walikuwa wanadhani ni kibakuli cha majivu ya sigara. Mi nilikuwa nakisugua kila Jumamosi nikiwa mdogo na nilikuwa nakiogopa kwa uzito wake.

Mwaka ambao baba alifariki tulipanga vitu, nikakigeuza. Chini kulikuwa na kipande cha stika kilichosagika, herufi tatu nne zinasomeka, nikaona "Kos" na mbele kidogo "oda". Nilikaa nacho mkononi muda mrefu. Nikaingia mtandaoni usiku ule, na baada ya kuhangaika nikakipata, kinaitwa Snowball, yaani donge la theluji, ni cha kuwekea mshumaa, kilibuniwa na mwanamke anaitwa Ann Wärff mwaka 1973 kwa ajili ya kiwanda cha Kosta Boda cha Sweden. Kosta wenyewe walianza kupuliza vioo mwaka 1742 huko kwenye misitu ya Småland, na jina lao limetokana na majina ya majenerali wawili walioanzisha, Koskull na Staël von Holstein, Ko na Sta. Sio kitu cha bei kubwa, vimetengenezwa vingi mno na bado vinatengenezwa, ila kile cha kwetu mama alikijua kazi yake muda wote! Nilipomwambia ni cha mshumaa akasema ndiyo, yule mama alikuwa anawasha mshumaa humo jioni mezani hata umeme ukiwepo. Nikamuuliza mama mbona hukusema? Akasema, hamkuuliza.

Hapo ndo nilipoanza. Na jambo ambalo nataka kuwaambia wenzangu wenye makabati ya wazazi, ya mabibi, ya mabosi wa zamani, ni kwamba vile vioo mnavyoviita mapambo tu vinasomeka, ila nusu ya maandishi yake iko kwenye kioo chenyewe na nusu iko kwa mtu aliyekipata, na huyo mtu anazeeka. Kioo kitakungoja hata miaka 100. Mama hatakungoja.

Sasa kusoma kioo. Watu wengi wakikuta kitu kizuri wanaangalia rangi. Mi nasema geuza uone kitako.

Kioo cha kupulizwa kinatengenezwa hivi. Fundi anachovya bomba refu la chuma kwenye tanuru lenye joto la nyuzi zaidi ya 1000, anatoka na donge linalowaka, laini kama asali nzito, anapuliza huku anazungusha bila kuacha, maana akiacha kuzungusha sekunde chache linaning'inia upande. Umbo likishapatikana inabidi amalizie mdomo, na mdomo ndo ulioshikwa na bomba, kwa hiyo msaidizi anagundisha fimbo nyingine ya chuma kwenye kitako, wanakata kule juu, mdomo unatengenezwa, mwisho wanagonga kile kitu kinaachia ile fimbo. Pale ilipokuwa imeshika panabaki kovu. Mi naliita kitovu, kwa sababu ndivyo lilivyo, ni alama kwamba hiki kilizaliwa kwa mtu. Kitovu kikiwa kimeachwa kibichi kinakwaruza kidole. Kiwanda kinachojali kinakisaga mpaka kinakuwa kidimbwi kidogo laini cha mviringo, ukipitisha kidole gumba kinatulia humo. Huwa nafumba macho nikifanya hivyo, kidole kinajua kuliko macho.

Kioo cha kukandamizwa ni hadithi nyingine. Hicho kinamiminwa kwenye kalibu ya chuma, kama tofali, alafu kinashindiliwa, na kalibu ikifunguka inaacha mstari mwembamba pale vipande vyake vilipokutana, mshono. Mashine hizo zilienea Marekani tangu miaka ya 1820 na ndo zilizofanya watu wa kawaida wamiliki vioo vyenye maua na nakshi. Msidharau kioo cha mshono hata siku moja. Wacheki kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1980 walikuwa na wasanii wakubwa, kina Adolf Matura, František Vízner, Rudolf Jurnikl, waliokaa na kubuni vyombo vya kukandamizwa vya viwandani, vizito, vyenye miraba na mawimbi, na sasa hivi watu Ulaya wanavitafuta kweli kweli. Nimeshaona kimoja kinatumika kuzuia mlango usijifunge Igoma.

Kitu cha tatu kwenye kitako ni uchakavu. Chombo kilichokaa mezani miaka 60 kimeburutwa, kimefutwa, kimehamishwa, kwa hiyo pale kinapogusa meza pana mikwaruzo midogo midogo inayoenda kila upande, mingine mirefu mingine mifupi, kama njia za mchwa. Anayetaka kukidanganya anachukua msasa anasugua, na msasa unaacha mistari inayoenda upande mmoja na ya kina sawa. Kifute kwa kitambaa chenye maji, kiinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaiona tofauti bila miwani.

Alafu maandishi. Hapa nataka mshike kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuliko vyote: nchi iliyokufa ni kalenda. Ukiokota kitu kimeandikwa Tanganyika huhitaji kuuliza cha lini, si ndiyo? Basi ni vile vile. Stika ikisema Czechoslovakia, chombo ni cha kati ya 1918 na mwisho wa 1992. Ikisema Western Germany au West Germany, ni kati ya 1949 na 1990. Kioo cha Kiingereza cha kukandamizwa kikiwa na herufi Rd na namba, hiyo ni namba ya kusajili umbo, zilianza 1884, na orodha zake zipo, unatafuta namba unapata mwaka umbo liliposajiliwa. Kabla ya hapo, kuanzia 1842, walitumia kialama chenye umbo la almasi. Mfaransa René Lalique naye ukikuta sahihi yenye R mbele ya Lalique, wanaojua wanakwambia ni ya enzi za uhai wake, alifariki 1945, baada ya hapo R ikatolewa. Hiyo R watu wanaichonga kwa mkono kudanganya, kwa hiyo sahihi peke yake isikuleweshe. Sahihi ni kitu cha mwisho kuamini, kwa maana ndo kitu rahisi kuliko vyote kuongeza. Kule Kosta walikuwa wanakwaruza kwa kalamu ya chuma jina la kiwanda, herufi za mbunifu na namba, mfano kazi za Vicke Lindstrand aliyekuwa pale 1950 mpaka 1973 utaona L imetangulia. Yakiwa maandishi ya kweli, mikwaruzo ya uchakavu inapita juu yake. Maandishi yakiwa juu ya mikwaruzo, kitako kilizeeka kwanza ndo mtu akaja kuandika.

Nilijifunza haya kwa maumivu. Kuna mfanyabiashara mmoja, sitamtaja wala mtaa wake, aliniuzia samaki wa kioo. Nyie mnajua wale samaki, mdomo umepanda juu, mapezi yamechanua, mgongo bluu tumbo njano, kila nyumba yenye uwezo miaka ile ilikuwa naye juu ya redio. Alikuwa na stika ya dhahabu imeandikwa Murano. Mi kusikia Murano moyo ulienda mbio. Murano ni kisiwa kidogo karibu na Venice, na mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuru yote ya vioo yahamie huko, mji ulikuwa wa nyumba za mbao na waliogopa moto, na tangu hapo kisiwa kizima kikawa cha mafundi wa vioo, baba kwa mtoto. Wana ufundi wa kuzamisha rangi ndani ya rangi, fundi anachovya donge la bluu kwenye tanuru la kioo cheupe, anachovya tena kwenye la manjano, ukikaza macho unaona tabaka limekaa ndani ya tabaka na mpaka wake umenyooka safi, kama kiini cha yai. Nikatoa 45,000. Ilikuwa hela ya gesi na ya mambo mengine.

Nyumbani nikafanya nilichotakiwa kufanya pale pale dukani. Kitako hakina mkwaruzo hata mmoja. Hakijasagwa, kina ncha inakwaruza. Mpaka wa bluu na njano umechafuka, rangi imevuja kama shati jipya lililofuliwa na jeupe. Stika ukiigusa gundi bado inanata. Murano wa kweli stika zake za karatasi za zamani zimekauka, na vingi vimeshapoteza stika kabisa, mafundi wengi hawakuwa wanaweka sahihi, kwa hiyo Murano asiye na jina ni jambo la kawaida kuliko Murano mwenye stika inayong'aa. Tangu 1994 mkoa wao wa Veneto una alama ya kisheria, Vetro Artistico Murano, kwa sababu ya feki zilivyowazidi. Nilirudi kwa yule bwana kwa adabu, nikamwambia mzee shikamoo, huyu samaki sio wa huko. Akasema stika inasema. Nikamwambia stika ni karatasi. Hakurudisha hela. Samaki ninaye mpaka leo, nimemweka mbele kabisa kabatini, na kila anayekuja kujifunza namwanzishia kwake.

Kile kilichonishangaza kuliko vyote hakikutoka Ulaya. Kuna familia ya Kihindi ilikuwa inafunga duka lao la zamani mjini, la vyombo na vitambaa, wakawa wanauza vilivyobaki stoo kwa bei ya kuondoa. Nilipata glasi moja ndefu yenye ile rangi ya mafuta ya taa yakimwagika juu ya maji, mnaijua kama mmewahi kusimama Mwaloni Kirumba asubuhi boti zikiingia, zambarau inageuka shaba inageuka kijani kadiri unavyosogea. Hiyo rangi inapatikana kwa kunyunyizia chumvi za madini juu ya kioo kikiwa bado cha moto, na kampuni ya Fenton ya West Virginia ndo ilianza kuuza vyombo vya bei nafuu vya aina hiyo mwaka 1907. Nilikuwa na uhakika ni Mmarekani. Picha zote nilizoona mtandaoni zilikuwa za Kimarekani. Nikageuza, kitakoni kuna herufi nne zimetokeza kwenye kioo chenyewe, JAIN. Nikadhani ni jina la mwenye duka, maana ni jina la Kihindi, nikamuuliza yule bibi aliyekuwa amekaa kwenye kiti, mama samahani, hili ni jina lenu? Akacheka akasema hapana mwanangu, hii ya Firozabad.

Firozabad! Yaani huko huko zinakotoka bangili za kioo walizovaa dada zetu wote kwenye harusi. Ni mji wa India kaskazini ambao vioo ndo maisha yake, na kiwanda cha Jain kilikuwa kinatengeneza glasi na vyombo vya maua vyenye rangi ile ya mafuta, vingine vina umbo la samaki, vingine mkonga wa tembo. Sasa piga picha hiyo njia, Firozabad mpaka Bombay, meli mpaka Mombasa au Dar, reli, mpaka Mwanza, na hapo ni reli yetu iliyofika hapa 1928, ikashushwa ikawekwa rafuni, ikauzwa, moja ikabaki. Nilimwomba yule bibi anisimulie mume wake aliagizaje mzigo, akanisimulia nusu saa, niliandika nyuma ya risiti, na ile risiti iko ndani ya glasi. Kwangu mimi glasi bila ile risiti imepungua.

Rangi zina mengi nitaandika siku nyingine, ila moja tu kwa ndugu zangu wa Geita na Nyarugusu: ile nyekundu ya zabibu iliyoiva, laini, isiyo na ukahawia, inayoonekana kwenye vyombo vizuri vya zamani, inatokana na dhahabu. Dhahabu kidogo sana, imeyeyushwa kwa tindikali ikatiwa kwenye kioo, na kioo kinatoka tanuruni karibu hakina rangi, fundi anakirudisha kwenye moto ndo wekundu unachipuka. Sisi tunaosikia habari za dhahabu kila siku ya Mungu tungekuwa wa kwanza kuzijua hizo nyekundu.

Mwezi wa nane nilienda kwa bibi, upande wa Nassa kule Busega, ukiwa kilimani unaliona ziwa lote mpaka Ukerewe. Sasa hivi nina tochi yangu mwenyewe ya zambarau, nilimwonea huruma yule wakala. Nilienda kwa habari ya shanga. Nilikuwa nimepita Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, nikasimama mbele ya shanga za ngoma muda mrefu nikijiuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza zamani: hiki nacho si kioo? Nimezunguka masoko yote ya Mwanza kutafuta Venice, na Venice imekuwa shingoni kwa mabibi. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapa Mwanza mwezi wa 8 mwaka 1858, misafara ya aina yake ilikuwa inalipa njiani kwa vitambaa, waya na shanga, na shanga ilikuwa hela kweli kweli, kila nchi ina rangi inayokubali na rangi inayokataa, ukija na rangi isiyotakiwa unalala njaa na mizigo yako. Iliyopendwa sana iliitwa samesame, nyekundu kwa nje, nyeupe moyoni. Shanga nyingi za namna hiyo zilipikwa Venice na Murano. Na baadaye Wabohemia, watu wa Jablonec, wakaingia kwenye biashara hiyo kwa nguvu, walikuwa wanaletewa sampuli za rangi zinazotakiwa Afrika wanatengeneza zile zile.

Bibi alinipokea, mwadila mayu, tukasalimiana kwa kirefu kama anavyotaka, nikala michembe na maziwa, ndo nikamwambia bibi naomba nione shanga zako. Ana kopo la maziwa ya unga, la bati, limepata kutu mdomoni. Akalimwaga kwenye ungo. Nikaanza kuzichambua moja moja kwa kidole, samesame zipo, nimezipasua kwa macho tu kwenye mwanga wa mlango, tundu lake linaonesha ule weupe wa ndani, na nyingine nyekundu ni nyekundu mpaka ndani, hizo ni za baadaye. Nyeupe kama mchele. Bluu. Na kulikuwa na ndogo za rangi ya maji ya limao, sikuzitilia maanani, zimechongwa pembe pembe, bibi anasema hizo zilikuwa za kiunoni.

Giza likaingia. Nikamwambia bibi nizime koroboi kidogo nikuoneshe kitu? Akasema zima. Nikawasha tochi juu ya ungo.

Zile za limao zikawaka. Kama thelathini hivi, zimetawanyika katikati ya nyekundu na nyeupe zilizolala gizani, kijani kile kile cha kibanda cha wakala, kama mtu kamwaga vimulimuli kwenye ungo. Bibi hakushtuka. Aliinama akaleta uso karibu, akachukua moja akaiweka kwenye kiganja, ikawaka kwenye kiganja, akaifunika kwa mkono mwingine akachungulia kwa tundu la vidole. Akakaa kimya. Alafu akasema hizi mama yake alimnunulia kwa hela ya pamba, mwaka alipovunja ungo, kwa Mhindi mmoja, na mama yake alizichagua kwa kuzishika mkononi, moja moja, muda mrefu, mpaka mwenye duka akachoka akaenda kukaa.

Nikazima tochi ili niwashe koroboi niandike aliyosema kabla hayajanitoka.

"Usiwashe," akasema. "Rudia ile."